Nusu Sauti Chini

Imekuja kwa mkokoteni kutoka Milimani,
imefungwa kamba ya katani na blanketi kuukuu,
wanaume wanne na kijana mmoja wa kupiga kelele tu.
Hoteli ilikuwa inafungwa. Waliuza vitanda, masufuria,
saa ya ukutani, na mwisho kabisa, hii piano.
Bei yake sikumwambia mtu.
Dada yangu Peres aliizunguka mara mbili, akauliza:
"Itashona?"

Thelathini na miwili.
Si umri wangu; ni miaka
tangu vidole hivi viguse meno yale.

Nilikuwa na sketi ya shule na magoti ya vumbi.
Mwalimu Dorka Nyagudi aliniwekea shilingi
moja moja juu ya mgongo wa kila mkono.
Ikianguka, rudia toka mwanzo.
Mvua ya alasiri ilipiga mabati ya Maseno
nami nikirudia, nikirudia,
shilingi zikitulia kama vyura jua likiwaka.

Kisha Baba akaachishwa kazi kwenye reli.
Somo la piano lililipiwa kando, kwa noti.
Ndipo nilipojua neno hilo limezaa pacha:
noti ya kusoma na noti ya kulipa,
na huyu wa pili akikosekana
wa kwanza hafunguliwi mlango.

Nikapewa cherehani. Silalamiki.
Imesomesha watoto watatu.
Imeshona majoho ya kwaya saba,
na Jumapili nilikaa nyuma wakiimba
nikikagua pindo.

Fundi alitoka Nakuru kwa basi la usiku,
Bwana Gatimu, mkoba wa ngozi, kikohozi.
Akaifungua kifua: usubi wa ziwani, mkavu, vitanga viwili,
kijiko cha chai, risiti ya bia ya mtu aliyekwisha sahauliwa.
Akagonga. Akasikiliza. Akagonga.
"Mama, nyaya zimechoka.
Nikizivuta hadi pale zinapotakiwa, zitakatika.
Nitazishusha zote nusu sauti.
Zenyewe kwa zenyewe zitaelewana.
Ila usimwalike mwenye tarumbeta."

Kwa hiyo do yangu ni ti ya watu.

Usiku, nikirudi kutoka kibandani Kibuye,
uzi bado umening'inia begani,
nafunua kifuniko.
Kidole cha pete kimelala kama mpangaji asiyelipa.
Kidole gumba kinakimbilia kila neno lisilo lake.
Nilidhani mguu ungenitetea, kwa kuwa pedali inaijua pedali;
lakini mguu wangu umezoea kusukuma gurudumu,
kanyaga, kanyaga, mteja anangoja,
na hapa unaambiwa: kanyaga, halafu inua.
Usipoinua, sauti zinachujiana
kama kitenge cha bei rahisi ndani ya beseni.

Inua.
Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Jirani anagonga ukuta: "Wimbo huo hauna mwisho?"
"Upo," najibu. "Mimi ndiye sijafika."

Kitabu ni kilekile, mende wamekula pembe,
jina langu la usichana juu ya jalada.
Penseli ya Mwalimu haijafifia:
Polepole. Na chini yake, kwa hasira, POLEPOLE, ROSEBELA!
Mwalimu, ungeniona sasa.
Sina mwendo mwingine.

Jana nilitoa shilingi ishirini kwenye mkoba,
nikailaza juu ya mkono wa kulia,
pale pasi iliponiachia kovu.
Mstari wa kwanza, ikatulia.
Wa pili, ikatetemeka.
Katikati ya wa tatu ikateleza, ikalia sakafuni,
ikabingirika chini ya piano, gizani,
pamoja na usubi uliobaki.

Zamani ningeanza upya.

Nikaiacha hukohuko.
Nikaingia mstari wa nne.