Nyayo za Unga wa Viazi

Tunarekodi kabatini, mimi na Tuukka,
katikati ya makoti yanayonuka dawa ya nondo,
maana ukuta wa jikoni una masikio
na jirani ana mashine ya kufulia inayokohoa.
Oulu, Jumanne, saa tatu usiku,
nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Mimi ni fundi wa lifti. Yeye huuza dawa.
Kipaza sauti tumekivika soksi.

"Karibuni tena," anasema Tuukka
kuwaambia watu kumi na mmoja.
Mmoja yuko Bolivia. Tunadhani alipotea njia.

Mwaka wa tatu huu, podikasti nzima, tamthilia moja:
Mkaguzi wa Mizani, vipindi sita, mwaka sabini na mmoja,
nyeusi na nyeupe, hasa nyeupe,
kwa kuwa theluji haikudai mshahara.
Bwana mwenye kofia ya manyoya anazunguka vijijini
akikagua mawe ya kupimia,
na kila alipokuta kilo iliyopunjwa
alikuta na ndoa iliyopunjwa,
au sahani moja iliyopungua mezani
na watu wanaokula bila kuitazama nafasi yake.
Hakuna bastola. Hakuna busu.
Mara moja tu, paka.

Kimebaki kipindi cha nne.
Vile vitano vilifutwa; juu yake wakarekodi mashindano ya ski.
Kanda ilikuwa ghali,
na nani angetaka kumwona tena mtu akipima siagi?

Sisi.

Wanasema asiyekuwapo machoni, na moyoni hayupo.
Waje waone daftari la Tuukka:
kurasa tisini kuhusu vipindi ambavyo hajaviona.

Kisha ikaja barua, ya karatasi, yenye stempu,
kutoka kwa Aune Hyttinen, Kajaani, miaka themanini na saba:
"Mmeisema kofia. Mmemsema paka.
Taa peke yake imewala dakika arobaini.
Hamjazisema nyayo.
Nyayo zilikuwa zangu."

Tukaendesha kilomita mia na themanini, kulungu wawili barabarani,
Tuukka akifanya mazoezi ya maswali kwa sauti.

Hakuwahi kuikanyaga theluji ile, alituambia.
Kamera ilikwenda huko bila masikio.
Sauti zilitiwa baadaye, Helsinki, mwezi wa saba,
chumba kisicho na dirisha, yeye na gauni lisilo na mikono,
akifinya mfuko wa ngozi uliojaa unga wa viazi.
Krr. Krr. Krr.
Leo vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi,
baridi pekee aliyoipata katika theluji ile.

Mfuko alikuwa nao. Unga alinunua jana, kwa ajili yetu.
"Kipindi gani?"
"Cha kwanza," akasema Tuukka, na sauti ikamkatika.

Akafumba macho, akatembea kwa mikono.
Mkaguzi anashuka stesheni: nyayo nzito, sanduku upande wa kulia.
Anapita uani: theluji laini, mara barafu, karibu ateleze.
Anasita. Anageuka, hatua mbili. Anabadili nia.
Dakika tisa.
Tuukka, ambaye hata kanisani hunong'ona,
hakusema neno.
Nami nilimwona yule bwana, naapa, mgongo wake,
kofia, pumzi ikipanda,
juu ya kitambaa cha meza chenye doa la kahawa.

Kisha mikono ikasimama.
"Amefika mlangoni."
"Akagonga?"
"Mlango haukuwa wangu," akasema, akipangusa unga kwenye sketi.
"Milango yote ilikuwa ya Taisto,
na Taisto tulimzika mwaka wa tisini na nne."

Tumeirusha hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.
Nyayo, kisha ukimya, kisha kijiko cha mtu kikigusa kikombe.

Wiki hii wasikilizaji ni kumi.
Yule wa Bolivia amesikiliza mara nne.