Pua ya Babu

Mizigo ilikuwa kumi na minne.
Baba aliihesabu uwanja wa ndege, akaihesabu tena Ihumwa,
kama mchungaji asiyeliamini zizi lake:
madaftari, sabuni, jozi arobaini za viatu,
na peremende ambazo Mama alizificha chini kabisa
kwa kuwa barua ya kituo ilisema, tafadhali, msilete peremende.

Baba ana miaka ishirini na sita hajaikanyaga ardhi hii.
Mimi sijawahi.
Kigogo changu ni neno moja, mbukwenyi,
nililolifanyia mazoezi kwenye ndege
hadi jirani yangu wa kiti akadhani nasali.

Kituo cha kwanza, nje ya Hombolo, kilituimbia.
Mfupi mbele, mrefu nyuma,
wimbo wa wageni wanaujua hata wakisinzia.
Kaka yangu Ndahani alipiga picha moja,
kisha akaifuta. Hakusema kwa nini.
Viatu vilikuwa vidogo. Vyote.
Tulinunua kwa orodha ya mwaka juzi,
na miguu haisubiri orodha.
Mlezi, Mama Perusi, alicheka akishika mbavu:
"Viacheni hapo. Wadogo wako njiani.
Hapa wadogo hawakauki."

Shangazi Mbeleje, aliyebaki wenzake walipoondoka,
hakuleta kitu ila debe la karanga.
Akaketi chini, akaanza kumenya.
Kabla hotuba ya Baba haijafika aya ya pili
watoto kumi na mmoja wamemzunguka, wanamenya.
Hotuba ilihusu asili, na mizizi.
Upepo ukaipokonya karatasi mkononi,
ukaibandika kwenye uzio wa minyaa,
na hakuna aliyekwenda kuifuata.

Kituo cha pili kipo njia ya Mpwapwa,
pale milima inapokumbuka kwamba ni milima.
Tulikula ugali wa uwele na mlenda.
Mlenda ulinining'inia kidevuni, watoto wakapata burudani ya wiki.
Msichana wa miaka sita, Sechelela,
alitutazama mmoja mmoja, bila haraka,
kama mnunuzi wa mbuzi mnadani:
Baba, Shangazi, Ndahani, mimi,
akarudi kwa Baba.
"Mbona nyote mna pua moja?"

Tukacheka. Shangazi akasema ni ya babu yao,
mzee Chidosa, alizikwa nayo na bado tunaigawana.
Sechelela hakucheka.
Aliishika pua yake kwa vidole viwili vyenye mlenda,
polepole, kama mtu anayepapasa sarafu gizani
ajue ni ya shilingi ngapi.
"Na hii," akauliza, "ni ya nani?"

Mizigo ilikuwa kumi na minne.
Niliifungua yote kichwani mwangu,
nikakuta sabuni.

Mama alitazama paa. Baba alitafuta hotuba mfukoni.
Shangazi aliweka bakuli chini,
akamshika yule mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.
Hakusema ni ya Mungu. Hakusema ni yako.
"Simjui mwenyewe, mwanangu," alisema.
"Lakini pua za namna hii naziona tangu utoto.
Zinanusa mvua ikiwa bado iko Kilosa."

Ilikuwa Septemba.
Mvua, kwa Ugogo, ni habari ya Desemba,
na Desemba yenyewe huwa na visingizio.
Tulipowasha gari alikuwa langoni,
amesimama, uso mashariki, macho kayafumba,
ananusa.

Tulikwenda kimya. Mama aliigawa pakiti ya peremende,
hakuna aliyekula.
Kilometa ya tatu hivi, Ndahani akateremsha kioo,
akatoa kichwa nje.
Vumbi likaingia lote,
jekundu, hadi kwenye mashati meupe ya safari.
Hakuna aliyemwambia apandishe.