Mshika Kamba

Kazi yangu ni kushika kamba.
Wenzangu hucheka: Mkamba na kamba yake.
Aliye juu ni Ombachi,
msumeno wa injini unamning'inia kiunoni
kama mtoto anayekataa kushushwa.

Mkaratusi huu wa Kileleshwa ni mkongwe
kuliko ukuta, kuliko lango,
kuliko huyu mwenye ploti anayetaka orofa kumi na mbili
na ambaye ameapa, ikifika saa sita
asione hata kivuli chake.

Mti hauangushwi hivi hivi. Huulizwa kwanza:
umeegemea wapi? Uzito umeuficha upande gani?
Tunagonga shina kwa kisogo cha shoka, tunatega sikio.
Ukiitika ko, ni mzima.
Ukiitika kama debe tupu,
kunja kamba, tukanywe chai tufikiri.

Ule wa Lavington uliitika ko.

Ulikuwa umeoza juu, mahali shoka halifiki,
na Khaoya alikuwa huko juu.
Tawi lilipasuka kabla ya zamu yake,
likarudi kama mlango uliopigwa teke.
Kamba ilinipita viganjani ikiwa moto.
Nilishika. Naapa nilishika.

Hospitalini nilipewa fomu.
Jina, niliandika. Umri, nilikisia.
Mwajiri: nikachora kistari,
nikakirefusha hadi ukingoni mwa karatasi
ili kisionekane kidogo.

Mkanda anaovaa Ombachi leo
una tundu la ziada, lililotobolewa kwa msumari wa moto
na mtu mwembamba kuliko yeye.
Hatulitaji.

"Legeza!"
Nalegeza.
"Vuta! Stima, stima, vuta huku!"
Navuta, tawi linapita nyaya kwa upana wa kiganja,
linatua bustanini juu ya maua ya watu.
Askari wa lango anapiga makofi.
Mwenye ploti anatazama saa.

Jioni, Kayole, bintiyangu ananinusa shingo:
Baba, unanukia kitanda kipya.
Vumbi la mbao limenijaa masikioni,
nasikia maneno yake kwa mbali, kama ya jirani.

Usingizini hukunja blanketi ngumi mbili, nikavuta.
Syombua amezoea. Hunifumbua vidole,
kimoja, kingine,
akininong'oneza gizani:
achilia sasa, ameshashuka.

Nami, macho yangali yamefumba,
humuuliza:
yupi?