Waya Mtupu

Coaster ililetwa Kizota ikivutwa kwa kamba.
Chini ya rangi mpya ya maziwa
neno WANAFUNZI bado linachungulia.
Ndani, palipokuwa viti, pana kitanda,
jiko la gesi, pazia la kitenge
na friji isiyozidi debe.

Mwenyewe ni Chilongani, mpimaji ardhi mstaafu.
Amewapimia watu viwanja toka Nala mpaka Ihumwa,
wake hakujitengea. Sasa nyumba yake ina magurudumu.
"Mbukwa, fundi. Zimekufa zote mbili."

Zote mbili: ya injini, na ya nyumba chini ya kitanda.
Nikaufuata waya. Mwekundu, mwembamba, wa taa za sebuleni,
kaufunga mwenyewe kwa koleo na imani,
chanya kwa chanya,
bila fyuzi, bila swichi.
Mchana injini ilizijaza zote.
Usiku friji ilikunywa huku, ikavuka waya,
ikanywa na kule,
hata saa kumi alfajiri, pale Bahi,
ufunguo ukajibu: tk.
Tk.

Na kwenye friji kulikuwa na insulini ya mkewe.
Bi Mbeleje hakusema neno.
Alishuka kakumbatia thamosi ya barafu
kama aliyebeba kifaranga.

Nilitaka kuucheka ule waya, nikashindwa.
Nimelelewa na waya kama huo.
Mwaka uwele ulipokaukia shambani Mvumi
mama alitupakulia, watoto watano, sahani moja,
na tukimuuliza, alisema ameonja jikoni.
Asubuhi moja tulimwita akaitika
kwa sauti ileile ya ufunguo.
Jirani ndiye aliyembusti, kwa uji,
kijiko kimoja, kimoja, siku tatu.

Basi. Nikafunua godoro.
Waya wa milimita kumi na sita,
fyuzi huku, fyuzi kule, kila moja jirani na betri yake,
maana kila betri ni moto uliolala.
Chaja, kiboksi cha alumini chenye mapezi,
nikaikaza mbali na nguo, ipate hewa:
kazi ya kugawa ina joto.
Mwisho waya mdogo kuliko yote, kama uzi wa cherehani,
nikaupeleka kwenye swichi ya ufunguo.
Huu, nikamwambia, ndio wenye akili.
Injini ikiunguruma, unasema: toa.
Injini ikizimwa, unasema: ishie hapo.

"Hata friji ikilia?"

Hata ikilia.

Upepo wa Julai ulikuwa unatulisha vumbi la barabara ya Singida.
Ndahani, mwanafunzi wangu, akadondosha spana namba kumi
ndani ya injini; nusu saa tunaivua kwa sumaku
na Chilongani anatuhesabia dakika kama hatua za mpaka.

Tukawasha. Mita ikasoma kumi na nne nukta nne.
Taa ya kijani.
Bi Mbeleje akapanga chupa zake mbili kwenye rafu,
akafunga mlango wa friji,
akaufungua tena kuhakikisha.
Tukazima. Taa ikalala, friji ikaendelea kuguna
kwa akiba yake yenyewe.
Ufunguo tena: injini ikaitika
mara moja, kama mtu aliyeshiba.

Walipoondoka wakaniachia noti na mkungu wa zabibu.
Sijanawa, simu inaita. Mdogo wangu, yuko Kibaigwa,
mara ya tatu wiki hii: ada, tairi la bodaboda,
sijui msiba wa nani.
Kidole kilishaanza kutafuta menyu ya kutuma,
kinaijua njia hata gizani.
Mezani kilikuwa kimebaki kipande
cha ule uzi mwembamba.
Nikakizungusha kidoleni.

"Jumamosi," nikamwambia. "Leo injini imezimwa."

Akanyamaza.
Kisha akauliza, kwa huruma kabisa,
"Gari la nani?"