Sikio la Kupimia

Nina masikio mazuri. Hayo si majivuno,
ni maneno ya dalali: Mthraki, miaka kumi na minne,
meno yote yapo, masikio madogo yaliyolala vyema.
Arkipo, sonara, alilipia hayo;
mimi mwingine nilikuja kama nyongeza.

Hapa Taras, nyuma ya vyungu vya zambarau
vinukavyo konokono waliooza,
naketi kwenye kigoda, shingo wima,
naye huniangika miungu.

Juzi Nike, mabawa membamba kama ganda la kitunguu,
kwa mke wa mwenye farasi. Ushindi, alisema mama yule,
ingawa farasi wenyewe walishika mkia.
Jana Artemi na upinde wake,
wa mjamzito anayeogopa usiku wa uchungu.
Leo Erosi, mtoto wa mapenzi,
uchi, mnene, amekumbatia njiwa,
mbawani ana chembe za dhahabu
ndogo kuliko mayai ya chawa.

"Geuka." Nageuka.
"Cheka." Nacheka,
ili Arkipo aone kama mungu huyumba mtu akicheka.
Anayumba.
Baridi kwanza, kisha ananyonya joto langu.
Kwa muda wa utambi mmoja
mapenzi yalikuwa yangu, ya kuazima,
yakinigonga shavuni.

Ni ya Timakrata, aolewe mwezi ukiandama.
"Huyu atamnong'onezea bwana harusi awe mpole,"
Arkipo alimwambia mama mtu,
na mama mtu akalipa bila kuvuta bei.

Mwezi uliandama. Homa ikamtangulia bwana harusi.
Wakamnywesha mvinyo uliochemshwa na mizizi;
sikio la kufa halisikii dawa.
Wakarudi usiku na vipuli vile vile:
tutilie komamanga, dogo tu, chini ya miguu ya mtoto,
maana mume sasa ni yule wa kuzimu,
na Persefone amjue mgeni wake.

Komamanga likatiwa. Likahitaji kupimwa.
Safari hii sikuambiwa nicheke.
Mkono wa Arkipo,
uliopanga chembe mia bila kutikisika,
ulitafuta tundu la sikio langu mara tatu.

Dhahabu haiozi, husema wateja,
kwa hiyo miungu haifi; hiyo ndiyo maana yake.
Huenda. Mimi niliyeibeba yote
najua uzito wake: punje za shayiri ishirini na moja,
na komamanga, mbili zaidi.

Usiku natia ujiti wa ufagio tunduni, lisizibe.
Sikio halilali na njaa, kwa hiyo nalilisha
jina aliloniita mama, ng'ambo, kabla ya dalali:
Zaika.
Halina ndoano. Halina uzito wowote.
Sijui ni nini basi
kinachoyumba.