Usiguse

Fundi Badawy alifungua kifuniko kwa bisibisi ya nyota,
akapuliza vumbi, akapiga chafya, akacheka.
"Chumvi yote hii, mwenzangu, mwapikia?"
Ndani ya raki, pembeni mwa saketi ya kijani,
betri bapa kama sarafu ya shilingi kumi
ilikuwa imetoka jasho la bluu.
"Imekwisha. Nikiitoa, vilivyomo vyafutika.
Nisipoitoa, vitafutika vyenyewe,
labda leo usiku, labda Jumamosi harusini."
Akanipa siku mbili. Hakunipa risiti.

Nimeipandisha hadi ghorofa ya tatu, King'orani,
kilo kumi na moja za chuma begani,
na kwapani ule ubao wa miguu wenye vitufe kumi
ambao Mwaringa aliuita kinanda cha viatu.

Yeye ndiye aliyeinunua, mnadani, kule bandarini,
mzigo uliokosa mwenyewe.
Ndiye aliyenionyesha njia ya nyaya nne:
gitaa liingie kwa mlango wa mbele wa amplifaya,
litokee jikoni, lizunguke kwenye raki,
lirudi ndani limeshiba.
Na amplifaya zenyewe mbili:
ya taa, inayochelewa kuamka kama bwana arusi,
na ya transista, kavu, karani wa kaunti.
"Na huu wa pini tano," akasema, "haubebi sauti hata chembe.
Unabeba namba tu. Mguu unasema saba,
raki inasikia saba, basi."
Akakanyaga.
Mwangwi ukavuka kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia
ukiwapita watu katikati bila kuwagusa.
Bibi arusi mmoja, Bombolulu, aligeuka
akidhani ameitwa.

Machi walipomzika Mazeras, gitaa lilichukuliwa na dada yake.
Raki nikaachiwa mimi,
kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua ni kitu gani.
Mjomba mmoja aliuliza kama inapika.

Sasa ni saa sita usiku. Nimechana kurasa
za daftari la hesabu la mwanangu, zile za miraba.
Kioo cha raki kimefifia, nakiegemea kwa tochi ya simu.
Herufi nane tu kwa kila jina, na Mwaringa alizitumia kwa ubahili.
01 KWAYA. Mwangwi 280, marudio 22.
07 HARUSI 2. (HARUSI 1 sijaiona popote.)
19 MVUA. Koras polepole, kina 64, na mkwaruzo kidogo kwa mbali.
23 haina jina; sauti yake ni mtu anayesukutua.
30 DENI. Nimecheka peke yangu,
jirani akagonga ukuta.

Naikaribia 41 kwa kuzungukazunguka, kama mtu
anayejua barua iko droo gani.
41 USIGUSE.
Miaka tisa sijaigusa.
Aliikanyaga wakati viti vinakunjwa tu,
watoto wamelala juu ya mikoba ya mama zao,
akapiga kitu kifupi, hakuna aliyekuwa akisikiliza,
nami nikikunja nyaya nilijiambia:
siku moja nitamwibia hiyo.

Nimefungua ukurasa wa kwanza. Mwangwi: 0.
Wa pili. Koras: 0.
Mkwaruzo 0. Mvumo 0.
Nikarudi mwanzo, nikidhani betri imeshakufa mkononi mwangu.
Sifuri, sifuri, sifuri,
hadi ukurasa wa mwisho:

kushoto 0,
kulia +2.

Sikio lake la kulia.
Hakuwahi kuniambia. Nami miaka yote hiyo
nilimsimamia upande huo, nikimnong'oneza nyimbo zinazofuata,
naye akitikisa kichwa.

Nimeandika sifuri zote, moja moja, kila mraba na yake.
Kisha mbili.
Kesho asubuhi, Sparki, nitamwambia Badawy atoe.
Anaweza kuitoa.
Natafuta kalamu nyingine, hii imeanza kukauka,
na bado kuna 42 hadi 60.