Donge Chini ya Blanketi

Umekuja na tofali kwenye kikapu
unaniambia ni mkate.
Nimeligonga mezani, meza imeitika.
Keti, Mchiwa. Si mkono wako wenye kosa,
ni Julai ya Nkuhungu
na upepo wake unaopita chini ya mlango kama mdai.

Hamira ni kiumbe.
Ukiitia kwenye maji yanayochemka umeiua,
ukiitia kwenye maji ya mtungi itajikunyata.
Chovya kiwiko, kama unayetaka kuogesha mtoto:
kiwiko kikishindwa kusema ni moto au baridi,
hapo weka kijiko kimoja, na sukari ya kuibembeleza,
kisha iache. Kafagie ua.
Ukirudi ukakuta povu, imekubali.
Usipokuta povu, mwaga,
na pakiti umrudishie Ndahani dukani
umwonyeshe tarehe.

Unga vikombe vinne. Mafuta ya alizeti, kidogo.
Chumvi ianzie upande wa pili wa bakuli,
hao wawili hawasalimiani.
Halafu kanda.
Mimi nilipoanza, kila uliponinata niliongeza unga.
Hilo ndilo tofali lako.
Acha unate! Unga unaonata ni unga unaokunywa.
Kanda mpaka uchoke, pumzika, kanda tena,
mpaka ukivuta kipande mbele ya dirisha
kitanuka bila kuchanika
na utaona mwanga wa ua kupitia humo.

Sasa joto.
Malogo wangu analinda majengo kule Mtumba.
Anarudi asubuhi, koti limekula vumbi,
miguu baridi kama bomba,
anapanda kitandani bila hata kunywa chai.
Ikifika saa mbili amelala fofofo,
blanketi limeshika joto la mtu.
Hapo ndipo naleta bakuli
lililofunikwa kitambaa chenye unyevu
nalisukuma taratibu nyuma ya magoti yake.

Mwaka wa kwanza aligomba:
“Usiku kucha nimelinda saruji,
na mchana unanipa unga niulinde?”
Siku hizi husogea mwenyewe, usingizini,
akalipisha donge.

Alipolazwa Makole wiki tatu
nilijaribu juani, nikajaribu juu ya bati.
Jua likalikausha ngozi, upepo ukatia mchanga.
Watoto walikula, wakanyamaza.
Mkate ulikuwa mdogo.

Bonyeza kwa kidole.
Kishimo kikiruka juu upesi, bado.
Kikirudi polepole, kama mtu aliyeitwa akiwa ndotoni,
toa pumzi yake, liviringe, liweke kwenye sufuria,
liumuke mara ya pili. Ndiyo, mara ya pili.
Wengi huishia hapo kwa pupa.

Sufuria kubwa, mchanga wa korongo chini,
ile ndogo ndani yake.
Makaa mengi juu ya mfuniko, machache jikoni:
ukigeuza hesabu utapata mkate wenye soli.
Harufu ikimfikia jirani, usifunue.
Ikimleta mtoto wa jirani, funua.
Ugeuze, ubishe tako lake kwa kifundo cha kidole.
Ukisikia muheme, ngoma ya mashangazi
ng'ambo ya mashamba ya uwele, umeiva.
Ukisikia udongo, rudisha.

Na usiukate ungali moto.
Nasema tu; hakuna anayesikia,
hata mimi sisikii.
Saa nane Malogo anaamka, shavu lina mikunjo ya mto,
anauliza, “Limeumuka?”
kwa sauti ya mzazi anayeuliza matokeo ya mtihani.
Simjibu. Namkatia kipande kinene,
anakibonyeza, kinainuka,
anacheka na siagi mdomoni.

Wewe huna mlinzi, najua,
wala sikutumi utafute mume kwa ajili ya mkate.
Jaza chupa mbili maji ya moto, zifunge kwa khanga,
lilaze donge katikati.
Haitakuwa sawasawa na magoti ya Malogo
lakini litaumuka.

Tofali hili niachie.
Upepo ule wa chini ya mlango
nimeshaupatia dawa.